Bibi Meno na Koti la Mzee Urbanus

Siku ile mjinga alikuwa Damiano, na afadhali tuliseme mapema kabla yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kulisimulia. Maana Damiano fundi redio akisimulia jambo, mjinga huwa ni mtu mwingine. Ukipita kwenye kibanda chake karibu na stesheni ya Kilosa umevaa viatu vipya, utaondoka unavionea haya. Ukimpelekea simu iliyoingia maji, atakuuliza kama ulikuwa unaifundisha kuogelea. Mji mzima umeshataniwa naye na mji mzima humwachia, kwanza kwa sababu ni fundi mzuri, na pili kwa sababu dunia nayo imeshamzaba vibao vya kutosha. Kibanda cha kwanza kilichukuliwa na mafuriko ya Mkondoa, cha pili kikavunjwa kupisha ujenzi, na mara zote mbili alionekana kesho yake amekalia ndoo, bisibisi mkononi, akimtania mpita njia.

Kitu kimoja tu kiliweza kumtoa Damiano utani mwilini, nacho ni bibi kizee wa kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuja na mzigo wa mtumba kutoka Morogoro, ya zamani kabisa, kioo chake kina kisogo kirefu na uzito wa gunia la mahindi mabichi. Aliichukua kwa ajili ya vipuri. Alipoiwasha kuona kama inapumua, akakuta mwenyewe wa kwanza, huko ilikotoka, amesahau gemu ndani. Ni gemu la bibi aliyetoroka nyumba ya kulelea wazee, kitambaa kichwani, soksi moja juu na moja chini, anamsaka daktari wa meno aliyemdhulumu. Silaha yake ni meno yake ya bandia. Anayavua mdomoni, anayarusha, nayo yanakwenda yakitafuna kila kilicho mbele: walinzi, manesi, mbwa, hata mlango wa chuma. Kisha yanamrudia na kujifunga mdomoni kwa mlio wa mfuniko wa sufuria. Ukikosea kulenga, yanaanguka mbali, na bibi anabaki kibogoyo akipapasa sakafuni huku maadui wakimkanyaga mgongo.

Watu wakamwita Bibi Meno, na jioni kibanda kilikuwa kinajaa. Bibi alisema lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wapo walioapa ni Kijerumani, wapo waliosema Kipolandi, lakini Damiano hakuhangaika nayo. Alimsemea tu kwa Kiswahili, kama wale wanaotia sauti zao kwenye filamu za kigeni. Bibi akifungua mdomo, Damiano anamfanya amuulize muuza samaki kwa nini mizani yake inainamia upande wake, au amwambie mwalimu fulani kwamba suruali ile sasa iachwe istaafu. Watu walicheka mpaka wakashika nguzo. Hakuna filamu ya mwaka huu, yenye rangi zake zote na milipuko yake yote, iliyowahi kukusanya watu pale kama kikongwe yule mwenye sura ya matofali.

Basi utamu ndio huo. Sasa sikia uchungu wake.

Gemu lile huwezi kulisevu unapotaka. Unasevu chooni tu. Yaani mpaka bibi akikute choo cha mbao njiani, aingie, afunge mlango, ajikamue kwa sauti, ndipo kompyuta inakumbuka ulipofika. Na aliyelitengeneza alikuwa bahili wa vyoo. Unaweza kupigana kuanzia umeme unarudi mpaka unakatika tena hujaona hata kimoja, na ukikatika, yote uliyoyafanya yamekwenda na maji. Kuruka nako ni kwa kubahatisha. Unabonyeza, bibi anafikiria kwanza, halafu ndipo anaruka, na wakati huo shimo limeshamngoja. Ukifika penye hatari zaidi, picha inajigeuza yenyewe na kukuonyesha ukuta. Unasikia bibi anapigwa, humwoni.

Na akifa, anakugeukia wewe uliye nje ya kioo. Anakutazama. Anavua meno, anayashika kiganjani, na meno yenyewe yanakucheka, kakaka kakaka, kisha anakutamkia sentensi moja, ileile siku zote. Sentensi ile Damiano hakuwahi kuitia Kiswahili. Akiisikia hukaza taya, akabonyeza kuanza upya.

Miaka miwili alibonyeza kuanza upya. Alivunja kibodi kwa ngumi, akaitengeneza, akaivunja tena. Aliapa mbele ya watu kwamba hamtazami tena yule mchawi, na kabla jua halijazama ukamkuta naye. Mwisho alifika choo cha mwisho kabisa, na mbele ya choo hicho imebaki steji moja tu, zahanati ya yule daktari wa meno. Daktari mwenyewe ni mkubwa kama tangi la maji la stesheni, mashine ya kutobolea meno mkono wa kulia, koleo mkono wa kushoto. Hapo Damiano akakwama, na alipokwama pale ndipo hasira ikahamia kwake moja kwa moja, ikatandika kitanda.

Jirani yake upande wa kulia alikuwa Mwanvua, fundi cherehani, mama wa makamo mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya reli. Mwanvua ni Msagara wa Munisagara. Damiano ni Mnyamwezi, baba yake alikuja huku kukata mkonge kabla hajaingia kazi ya reli. Kwa hiyo ni watani, tangu enzi za mababu waliopita njia hii na mizigo vichwani, na Mwanvua alikuwa akimwita "mtumwa wangu" mbele ya wateja, naye Damiano humwuliza kama ukoo wao bado unakimbilia mlimani ukisikia mgeni anapiga chafya. Sheria ya utani ni nyepesi kuliko ya serikali. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata mbele ya wakwe. Ana ruhusa ya kukunyakulia kitu chako akakitia kwapani mpaka ukikomboe. Wewe ruhusa ya kununa huna. Anayemnunia mtani hulipa kuku, basi, mambo yameisha.

Na kwenye msiba mtani ana kazi yake. Alipokufa Mzee Urbanus, baba yake Damiano, kule Mikumi alikohamia baada ya kustaafu, Mwanvua alijilaza katikati ya njia ya makaburini na kukataa jeneza lipite, akidai marehemu hawezi kwenda kokote kabla hajamuaga mtani wake. Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Isipokuwa Mama Elizabeti, mjane. Yeye alikuwa kama nyumba iliyofungwa. Mwaka mzima ukapita anajibu ndiyo na hapana, anapika, anakwenda kanisani, anarudi. Ilipokaribia siku ya kuweka msalaba kaburini, wanawe walimuuliza anataka nini siku hiyo. Hakutaka ng'ombe wala turubai. Alisema anataka kumwona mzee akipita uwanjani kwake mara moja tena, hata kama ndani ya koti atakuwa Mwanvua.

Hilo ni jambo ambalo mtani peke yake analiweza. Anavaa nguo za marehemu na kuuiga mwendo wake na usemi wake. Mtoto wa marehemu hathubutu, ni mwiko. Na Mwanvua alimjua Mzee Urbanus vizuri kuliko wengi, kwa sababu kabla hajahamia Mikumi mzee alishinda barazani kwake akimtania. Aliujua mguu wake wa kushoto ulioangukiwa na taruma la reli, ukawa unaburuta. Alijua kikohozi chake cha kusafishia njia kabla hajasema neno. Mwanvua alikubali, na Mama Elizabeti akalifua lile koti jeusi la reli, akalipiga pasi, akalitundika.

Jumamosi mchana, Stefano, dereva waliyemkodi kwa safari ya Mikumi, alisimamisha pikapu mbele ya kibanda. Msalaba wa chuma ulikuwa umeshapakiwa nyuma pamoja na mifuko ya saruji. Mwanvua alikuwa amefunga cherehani yake, kikapu mkononi. Kilichobaki ni Damiano, na Damiano alikuwa ndani anamrushia meno daktari.

Aliwaambia wangoje kidogo tu. Na kwa kweli, kama ni siku ya kungojwa, ilikuwa ile. Mambo yalikuwa yamemnyookea kwa namna ambayo hayakuwahi. Koleo limeshatafunwa. Mashine ya kutobolea imebaki inacheua moshi. Bibi amesimama juu ya kiti cha wagonjwa, anahitaji kurusha mara moja tu, kwenye jino la dhahabu la daktari, gemu liishe. Watu wamejazana mlangoni, hakuna anayepumua. Damiano jasho linamtiririka mpaka kwenye kope, mkono wa kushoto kwenye kibodi, wa kulia kwenye mausi, anatafuta shabaha. Stefano akapiga honi. Hakuna aliyegeuka.

Mwanvua akaingia. Alimuuliza mtumwa wake kama kaburi la baba yake liko humo ndani ya kioo, maana alimwona analichimba. Watu wakacheka. Damiano hakucheka. Akamuuliza tena kama yule bibi ni shangazi yake, wamefanana taya. Damiano akamwambia nyamaza, bila kugeuka. Basi Mwanvua akafanya kile ambacho mtani yeyote angefanya, na ambacho Damiano mwenyewe alishamfanyia mara nyingi kwa mkasi na kwa futi ya kupimia. Aliinama nyuma ya kompyuta, akachomoa mausi, akainyanyua juu kwa mkia wake.

"Nimemnasa panya wako," alisema. "Utamkomboa kwa kuku, Mikumi, mbele ya mama yako."

Kwenye kioo Bibi Meno alibaki ameduwaa. Daktari akampiga kwa kiti chenyewe. Bibi akaanguka, akageuka, akamtazama Damiano, akavua meno. Kakaka kakaka. Kisha ile sentensi.

Damiano alisimama taratibu, na waliokuwa karibu wanasema hawakuijua sura ile.

"Toka," alisema. "Wewe ni mtani wa nani? Kazi yako ni kungoja watu wafe upate pilau. Toka kwangu, na kesho usikanyage Mikumi."

Pale hata treni ingeona aibu kupita. Kutaniana kuna maneno yake, na hayo hayakuwamo. Mwanvua aliiweka mausi juu ya meza, polepole, kama mtu anayeweka yai. Akaikaza kanga yake, akachukua kikapu, akafungua tena kibanda chake, akakaa kwenye cherehani. Baada ya hapo ikasikika inakwenda, trrr, trrr, ingawa hakuna aliyemwona akiwa na kitambaa mkononi. Watu mlangoni wakaanza kukumbuka shughuli zao.

Mtu mwenye akili angekwenda saa ileile kuomba radhi. Damiano alichomeka mausi, akaanza upya kutoka chooni. Stefano akapiga honi, yeye akapigana. Akafa kwenye ngazi. Akachekwa. Akafa tena mlangoni, picha ilipomgeuzia ukuta. Akachekwa. Halafu umeme ukakatika, na kwenye kioo cheusi akaona sura ya mtu aliyekasirika ambaye hana wa kumpiga.

Njia nzima alisema yeye. Mpaka wakapita kijiji cha Ulaya, pikapu ikiruka mashimo na msalaba ukigonga bodi nyuma, alikuwa bado anamweleza Stefano vyoo vilivyo adimu, jino la dhahabu lilivyokuwa wazi, na kwamba kuna utani na kuna uharibifu. Stefano ni mtu wa kuongea, lakini safari ile aliongea mara moja tu. Alisema kuku mmoja si kitu kikubwa. Damiano akamwambia aangalie barabara.

Mikumi waliingia jioni, malori ya barabara kuu yakinguruma kama kawaida yake. Mama Elizabeti alikuwa amesimama uani. Mwanawe alimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akachungulia ndani ya pikapu, akachungulia na nyuma, kwenye saruji.

"Mwanvua yuko wapi?"

Damiano akasema amepata udhuru. Mama hakuuliza udhuru gani. Aliingia ndani, na Damiano akalisikia koti likishushwa kwenye msumari. Hilo lilimkasirisha kuliko kama angegombezwa. Baba yake mdogo, Mzee Bonifas, ndiye aliyegombeza. Alikwisha kuupata ukweli kwa Stefano kabla mfuko wa mwisho wa saruji haujashuka, na alisema maneno ambayo majirani waliyafaidi vizuri. Kwamba ukoo wao haujawahi kumfukuza mtani. Kwamba mjane ameomba kitu kimoja tu mwaka mzima, na mwanawe wa kwanza amekiuza kwa mchezo wa watoto. Damiano akajibu si mchezo wa watoto, watoto hawauwezi. Haikuwa hoja nzuri, lakini ndiyo iliyokuwa karibu.

Asubuhi, ibada imekwisha, msalaba umesimama na saruji yake bado mbichi, watu wamerudi uani kwa Mama Elizabeti kungoja chakula, bodaboda ikaingia. Nyuma yake alikaa Mwanvua, vumbi kuanzia kope mpaka ndala. Hakumtazama Damiano. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, akapiga goti, akampa shikamoo na pole, akasema hakualikwa na mtu, amemfuata mzee. Mama Elizabeti akamshika mkono akaingia naye ndani.

Mzee Bonifas akaona hapo ndipo pa kulimaliza. Akamwita Damiano katikati ya uwanja, mbele ya mkeka wa wazee, akamwambia jambo ni dogo, atoe kuku, aseme nimekosa, watu wapate kula. Kuku mwenyewe alikuwa hapo anapita. Ingekuwa mtu mwingine ndiye aliyesimama pale, Damiano angekuwa wa kwanza kumwambia alipe aache uchoyo. Lakini usiku kucha alikuwa amelala na hasira yake kama mtu na mkewe, na sasa hakuwa tayari kumwacha mbele za watu.

Alisema hatalipa. Alisema faini ni ya mtu aliyenunia utani, na ule haukuwa utani. Akaanza kuwaeleza wazee wa Mikumi, waliokaa na fimbo zao na kofia zao za ibada, habari za bibi anayerusha meno, na choo cha mbao, na kamera inayogeukia ukuta, na miaka miwili, na mkono uliokuwa tayari umeshafika kwenye shabaha. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kupandisha sauti, na kadiri alivyopandisha ndivyo wazee walivyozidi kumsogelea, si kwa kukubali, bali kwa kutaka kuelewa.

Mzee Bonifas alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa huyo bibi," aliuliza, "ni wa upande wa mama yako?"

Hata wapishi walicheka. Damiano akasema wanacheka kwa sababu hawajui. Akasema mtu akikuharibia kazi ya miaka miwili kwa sekunde moja ana jina lake, na jina hilo si mtani. Akasema yeye amewatania watu maisha yake yote na hajawahi kumharibia mtu kitu. Akasema kwamba yeye si mtu wa kuchekwa.

Ndani ya nyumba mtu akakohoa.

Kikohozi kile kilianzia chini, kikapanda kama treni ya mizigo, kikapumzika katikati, kikamalizia. Uwanja mzima ukageukia nyumba. Mlangoni akatokea Mzee Urbanus. Koti jeusi la reli, vifungo mpaka shingoni, kofia imekaa upande, mguu wa kushoto unaburuta vumbi. Alisimama, akalitazama jua kama mtu anayelidai, akashuka ngazi kwa ule mguu mzuri kwanza. Alipita mbele ya wazee bila kuwaamkia, kama ilivyokuwa tabia yake, akaenda mpaka kwenye chungu cha wali, akafunua, akanusa, akafunika, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mama Elizabeti alikuwa ameegemea mlango. Kwanza alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Kisha kanga haikutosha. Kicheko kikamtoka kama maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka, akashika tumbo, akakaa chini kwenye ngazi, machozi yanateremka, akamwambia mume wake aache chakula cha watu.

Ilikuwa ni hapo pa kuishia. Kila mtu aliona hivyo. Lakini Damiano alikuwa na nusu ya hoja mdomoni na hakujua pa kuiweka. Alilisogelea lile koti, akasema mbele ya wote kwamba anafurahi mama amecheka, ila haki ni haki. Na kama kuna mtu anaweza kumweleza kwa nini anyakuliwe mausi mkononi, achekwe na mji mzima, halafu kuku alipe yeye, basi amweleze sasa hivi, hapahapa.

Mzee Urbanus aliburuta mguu mpaka akawa mbele yake. Akamtazama kuanzia viatu kupanda juu. Akakohoa kile kikohozi chote, mwanzo mpaka mwisho, na watu wote wakamngoja.

"Mwanangu," alisema, "yule bibi anakutukana miaka miwili kwa lugha usiyoijua, na kila jioni unarudi kumpigia magoti. Mtani wako kakutania mara moja kwa Kiswahili, umemfukuza. Kamata kuku."